Kikundi chetu kinataka kuokoa majengo ya zamani ya mji wetu, tuanzie wapi?

SWALI: Habari mtaalamu. Sisi ni wakazi wa mji mdogo, tumeunda kikundi cha kuokoa majengo ya zamani maana yanaisha moja moja tunaangalia. Kuna jengo la posta ya zamani limefungwa muda mrefu, mvua zimeangusha kipande cha ukuta wa nyuma. Wenzangu wanataka tuchange haraka tulipige plasta ya simenti na rangi mpya lipendeze, watu waone tunafanya kazi. Mi nasita. Halafu kuna nyumba ya zamani sana katikati ya mji, mwenyewe anataka kuivunja ajenge ghorofa na hataki hata kutusikia. Hela ya maana hatuna. Tuanzie wapi? Na mti ulioota juu ya ukuta wa posta tuung'oe au tuuache?

JIBU: Habari nzuri ndugu yangu, na hongera kwa kuanzisha kikundi, maana miji mingi watu wanaishia kulalamika tu. Kwa kifupi, plasta na rangi visubiri, kwanza mkaangalie maji yanapita wapi.

Jengo la zamani likidondoka watu wanasema "limezeeka", lakini mawe hayana umri wa kustaafu, kuna kuta zina miaka mia tano na zimesimama vizuri tu, kinachoua ni maji yanayoingia sehemu ndogo kila msimu na hakuna mtu ndani wa kuyaona. Bati moja limefunuka, au kigae kimepasuka, maji yanashuka taratibu yanafika kwenye kichwa cha boriti pale inapoingia ukutani, hapo ni giza na hakuna hewa, mbao inaanza kuoza na mchwa nao wanapenda mbao yenye unyevu, siku boriti inaachia inakwenda na dari na kipande cha ukuta, halafu mnasema mvua za mwaka huu zilikuwa kali. Hapana, hiyo kazi ilianza miaka kumi nyuma.

Kwa hiyo kazi yenu ya kwanza kama kikundi haina gharama, siku mvua inanyesha nendeni pale na miamvuli. Siku ya jua hamtaona kitu. Angalieni gata inafurika wapi, bomba la kushusha maji limekatika wapi, maji ya paa yanadondokea kwenye msingi au yanakwenda mbali, ukutani kuna michirizi ya kijani wapi. Pigeni picha na simu, andikeni tarehe. Halafu angalieni chini, usawa wa ardhi, maana hili watu wengi wanalisahau: barabara ikiwekwa kifusi mara tatu nne kwa miaka, ardhi ya nje inapanda inakuwa juu kuliko sakafu ya ndani, ukuta unakaa kama utambi unavuta maji kutoka chini usiku na mchana. Mkishusha huo udongo ukarudi chini ya usawa wa sakafu na mkachimba mtaro wa kupeleka maji mbali na msingi mtakuwa mmefanya kitu kikubwa kuliko ndoo mia za rangi. Ila msichimbe kwa fujo karibu na msingi, shusheni kidogokidogo, na msiende chini ya pale msingi unapoanza.

Kama paa linavuja na hela ya paa jipya hamna, wekeni turubai au mabati ya muda. Najua haipendezi. Wenzako watasema mnaaibisha mji, waacheni waseme, turubai baya linampa jengo miaka miwili mitatu ya kusubiri mkitafuta hela, na bila hiyo hamtakuwa na cha kutafutia hela. Na kama limefungwa, lifungueni lipate hewa, siyo lazima milango iwe wazi kwa kila mtu, mnaweza kuziba madirisha kwa mbao zilizoachwa nafasi au wavu ili wezi wasiingie lakini upepo upite. Jengo lililozibwa kabisa linaota ukungu ndani kwa ndani.

Hii habari ya kutunza kidogokidogo badala ya kusubiri ukarabati mkubwa siyo yangu. Mwaka 1877 kule Uingereza William Morris na wenzake walianzisha chama cha kulinda majengo ya kale kwa sababu walichoka kuona makanisa ya zamani yanaharibiwa na watu wanaoyakarabati, siyo na watu wanaoyabomoa, na hoja yao kubwa ilikuwa hiyohiyo: tunza kila siku ili usije ukalazimika kujenga upya. Na kama unataka mfano wa karibu zaidi na hali ya watu wasio na hela nyingi, angalia Djenné kule Mali. Ule msikiti mkuu wa sasa umejengwa 1907, ni wa udongo, mvua ikinyesha inaulamba kila mwaka, na kila mwaka mji mzima unatoka kuupiga udongo upya, vijana wanabeba tope, mafundi wa chama cha waashi ndo wanaongoza wanapanda kwenye yale magogo yaliyochomoza ukutani, na yamechomozeshwa makusudi yafanye kazi ya ngazi. Udongo! Na bado umesimama, kwa sababu siku ya kuutunza ipo kwenye kalenda ya mji. Nyie nanyi wekeni siku, kila mwaka kabla ya mvua, ya kuzibua gata na kung'oa majani, iwe ni desturi ya kikundi hata kama hakuna mfadhili.

Haya sasa simenti.

Wenzako wana nia nzuri lakini hapo wanaweza kuliua hilo jengo kwa hela yao wenyewe. Simenti ya Portland, hii tunayoijua sote, ilipata hataza (haki rasmi ya mvumbuzi) 1824 Uingereza kwa mtu anaitwa Joseph Aspdin, na ilichukua miaka mingi kusambaa duniani, kwa hiyo majengo mengi ya zamani yamejengwa kwa chokaa au kwa udongo. Ukuta wa namna hiyo ni laini kidogo na unapumua, yaani unyevu unaingia na unatoka kupitia kwenye viungio na plasta, na jengo likicheza kidogo (majengo yote yanacheza, joto na baridi, ardhi inavimba inanywea) chokaa inajikunja nalo. Sasa wewe unakuja unapiga simenti juu, ngumu, imeziba. Miezi ya kwanza inapendeza kweli, kila mtu anapiga picha. Halafu nyufa nyembamba zinatokea kwa sababu simenti haijikunji, maji yanaingia kwenye zile nyufa na mengine yanapanda kutoka chini, hayana pa kutokea, yanabaki ndani ya ukuta na chumvi zake, chumvi zinageuka kuwa vipande vidogo vigumu nyuma ya plasta zinasukuma, jiwe au tofali linasagika kuwa unga, na wewe nje unaona plasta nzima tu hadi siku inaachia kipande kikubwa kama mlango na nyuma yake ukuta ni vumbi. Rangi ya mafuta na rangi ya plastiki nazo kosa ni hilohilo, zinaziba.

Wenye kazi yao wanasema mota, yaani ule mchanganyiko unaounganisha mawe, lazima iwe dhaifu kuliko jiwe. Watu wakisikia wanashangaa, dhaifu tena? Ndiyo, kwa sababu kitu kitachakaa tu, na afadhali ichakae mota ambayo utaijaza tena baada ya miaka, kuliko lichakae jiwe ambalo hutalipata tena.

Lakini usikimbilie kusema "mtaalamu kasema chokaa" kabla hujajua ukuta wenu umejengwa kwa nini. Kama posta yenu ni ya miaka ya 1930 au 1950 inawezekana kabisa ina simenti tangu mwanzo, na hapo mambo ni tofauti. Chukueni msumari mkwaruze kiungio sehemu isiyoonekana, kikimomonyoka kirahisi na mnaona vidoa vyeupe vyeupe ndani, inaelekea ni chokaa. Kipande kingine kilowekeni kwenye glasi ya maji, kikigeuka tope ni udongo. Msumari ukiteleza haukwaruzi kitu, hiyo ni simenti. Hivi ni vipimo vya kukupa mwelekeo tu, cha uhakika ni kupeleka kipande maabara ya vifaa vya ujenzi, vyuo vingi vya uhandisi vinayo na wanafunzi wanatafuta kazi za namna hiyo.

Ikiwa ni chokaa basi tumieni chokaa, na mtafute fundi aliyewahi kuishika, siyo anayesema "hiyo ni sawa tu na simenti", kwa sababu siyo sawa. Chokaa inatoka kwenye mawe ya chokaa yanayochomwa kwa joto la karibu digrii 900, ikitoka hapo inazimwa na maji, halafu ikishakuwa ukutani inavuta hewa ya ukaa taratibu inarudi kuwa jiwe. Taratibu kweli, tunazungumzia miezi na siyo siku, kwa hiyo fundi anayetaka kumaliza wiki moja apige tabaka nene kisha aondoke hafai. Tabaka nyembamba, kila moja ikae, inyunyiziwe maji siku kadhaa, ifunikwe na magunia yenye unyevu isipigwe na jua kali. Mchanganyiko wa kawaida ni chokaa moja kwa mchanga tatu, mchanga uwe mkali wenye punje za saizi tofauti na usiwe na chumvi, yaani mchanga wa ufukweni haufai labda uoshwe sana. Na tafadhali wazo la "tuongeze simenti kidogo ili ishike" mlikatae, mnapata kitu kisichokuwa na uzuri wa upande wowote. Jaribuni kwanza mita moja ya mraba upande wa nyuma, muiache ipitie mvua moja, ndo mwendelee.

Halafu hii naisisitiza kwa sababu kikundi chenu ni cha kujitolea na watu watakuja na watoto: chokaa ambayo haijazimwa ikikutana na maji inachemka kwelikweli na inaruka, inapofusha macho. Kazi ya kuzima chokaa ni ya fundi mwenye miwani, glavu na mikono mirefu, siyo ya wapiga picha. Mkiweza nunueni iliyokwisha kuzimwa, mambo yawe mepesi. Na rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi ndani yake, kwa hiyo kusugua kwa msasa mkavu marufuku hadi zipimwe, lile vumbi ni sumu hasa kwa watoto. Kama kuna mabati au dari za asbestosi nazo msizivunje wala msizikate.

Ule ukuta ulioanguka, mmeshasafisha kifusi? Kama bado, msisafishe. Kila mara nakuta watu wameshakodi lori wamepeleka mawe kujaza shimo la barabara. Hayo mawe ndo ukuta wenu, yapangeni pembeni makubwa kwa madogo, yale ya kona na ya juu ya dirisha yaandikeni namba kwa chaki. Pigeni picha kabla ya kugusa ili ijulikane kila jiwe limeanguka kutoka wapi. Zungushieni kamba watu wasipite, na sehemu iliyobaki iegemezwe kwa mihimili, lakini hapo lazima awepo injinia wa majengo, na ikiwezekana aliyewahi kushughulika na kuta za mawe, kwa sababu wale waliozoea zege na nondo tu ushauri wao wa kwanza ni "vunja". Mkipewa ushauri huo tafuteni wa pili kabla ya kukubali. Sisemi injinia ni mwongo, nasema kila mtu anaona kupitia kile alichosomea.

Nyufa nyingine mtakazoziona msizizibe haraka. Ufa uliokaa miaka thelathini umetulia siyo tatizo, tatizo ni ufa unaotembea. Wekeni alama mbili za penseli pande zote za ufa, pimeni umbali, andikeni tarehe hapohapo ukutani, mrudi kila mwezi. Mwaka mzima mpite nao, kiangazi na masika, kwa sababu nyufa nyingine zinafunguka na kujifunga na msimu na hazina neno. Mkizibua gata na ufa ukasimama basi mmeshapata mgonjwa wenu alikuwa anaumwa nini.

Wakati mnangoja hela kuna kazi nyingine ambayo mi kwangu ndo yenye thamani kubwa kuliko zote na kikundi kidogo kinaiweza: kuandika na kuchora kila kitu kilichopo. Siyo majengo mawili matatu mazuri, mji mzima. Kila jengo la zamani picha ya mbele, ubavu, nyuma, milango, nakshi, ngazi, vipimo kwa futi ya utepe, mwaka kama unajulikana, nani anamiliki, hali ya paa. Na wazee, wazee jamani, mkawarekodi wakiongea, hili jengo lilikuwa la nani, palikuwa panafanyika nini, nani alikuwa fundi. Mji mkongwe wa Warsaw kule Poland ulisambaratishwa wakati wa vita kuu ya pili, ukajengwa upya, na waliweza kwa sababu walikuwa na michoro ya vipimo iliyofanywa na wanafunzi wa usanifu kabla ya vita na michoro ya rangi ya karne ya 18 ya mchoraji Bernardo Bellotto, na 1980 ukaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kanisa la Notre-Dame la Paris lilipoungua 15 Aprili 2019 palikuwa na vipimo vya leza vya jengo zima vilivyochukuliwa miaka ya nyuma na mwanahistoria wa sanaa Andrew Tallon, vikasaidia sana kwenye kazi ya kujenga upya. Nyie hamna leza, mna simu. Kuna programu zinaunganisha picha nyingi za simu zikatoa umbo zima la jengo, kijana mmoja mwenye subira anaweza. Wekeni nakala sehemu tatu tofauti, siyo kwenye simu ya katibu peke yake.

Orodha hiyo ndo mtakayokwenda nayo halmashauri, kwa sababu mkienda mikono mitupu mtaambiwa "tumewasikia", mkienda na kitabu chenye majengo yote, picha na hali yake, mnakuwa mnajua zaidi ya ofisi yenyewe na wanaanza kuwapigia simu wao. Ulizeni pia sheria ya nchi yenu inasemaje kuhusu majengo ya kihistoria, nchi nyingi zina orodha rasmi na jengo likiwemo huwezi kulivunja wala kulibadilisha bila kibali. Ila orodha siyo dawa. Jumba la Beit al-Ajaib la Zanzibar, la mwaka 1883, liko ndani ya Mji Mkongwe ambao ni urithi wa dunia tangu 2000, ulinzi wa karatasi unaozidi huo ni upi tena, na bado roshani zake zilianza kuanguka 2012 na siku ya Krismasi 2020 upande mzima ukaporomoka wakati mafundi wako kazini na watu wakafa. Karatasi haizibui gata.

Sasa mwenye nyumba. Hapa nitaongea kirefu kidogo maana vikundi vingi vinafia hapa.

Mmemwendea kama kikundi, nadhani, watu saba mmekaa sebuleni kwake mnamwambia nyumba yake ni urithi wa wote. Yeye anachosikia ni kwamba mnataka kumnyang'anya. Nyumba inavuja, ina warithi labda sita wanaogombana, kodi analipa yeye, kila akikutana na fundi anaambiwa bei ya kutisha, na ghorofa anaona ni kodi ya vyumba kila mwezi. Mtu huyo siyo adui wa historia, anapiga hesabu tu. Kwa hiyo msimpelekee historia, mpelekeeni hesabu. Aende mtu mmoja anayeheshimika kwake, siyo mwenyekiti mwenye makaratasi, aulize tu "inakusumbua nini hii nyumba". Mara nyingi jibu ni dogo kuliko mlivyofikiri: paa, au choo, au ndugu mmoja aliye mbali hajasaini. Kikundi kikimsaidia kuziba paa kwa nguvu za kujitolea na mkaandikishana kwamba hatavunja kwa muda fulani, mmenunua muda. Na akitaka vyumba vya kupangisha, mwonyesheni kwa michoro kwamba vinaweza kuingia humohumo ndani, au ghorofa likae nyuma kwenye uwanja na nyumba ya zamani ibaki mbele. Mpango wa nyuma hivi umeokoa nyumba nyingi sana.

Na kama anauza kweli? Kuna kitu kinaitwa mfuko wa mzunguko na mfano wake mzuri ni Savannah, mji wa jimbo la Georgia, Marekani. 1954 walivunja soko lao la zamani ili wajenge gereji ya kuegesha magari, watu wakaumia, na mwaka uliofuata ikasikika nyumba ya Davenport ya 1820 nayo inakwenda njia hiyohiyo. Wanawake saba wakakusanyana, wakachangisha, wakainunua, wakaanzisha taasisi ambayo ipo mpaka leo. Walichokuja kufanya baadaye ndo somo: walikuwa wananunua nyumba iliyo hatarini, hawaikarabati wao, wanaiuza kwa mtu mwingine kwa masharti yaliyoandikwa kwenye hati kwamba hataivunja na ataitengeneza kwa muda fulani, hela inarudi wananunua nyingine. Hela ileile inazunguka. Ile gereji yenyewe nayo baadaye ilivunjwa, na sasa pale ni uwanja wa wazi. Nyie hamna hela ya kununua leo, sawa, lakini mnaweza kuwa madalali wazuri: mna orodha ya nyumba, tafuteni wanunuzi wanaopenda nyumba za zamani, mkutanishe, na mwanasheria awaandikie hayo masharti vizuri, kwa sababu sheria za kufunga masharti kwenye hati zinatofautiana nchi na nchi.

Kuhusu matumizi, naomba tusigeuze kila kitu makumbusho. Mji mdogo unaweza kubeba makumbusho moja, na hiyo moja kwa shida. Posta yenu ifikirieni kama sehemu ya watu kufanyia kazi: ofisi, maktaba, zahanati, madarasa ya jioni, maduka chini na kikundi juu. Jengo lenye mpangaji lina mtu wa kupiga kelele paa likivuja. Marekani walianza 1977 kujaribu hili kwenye miji midogo mitatu, Galesburg, Hot Springs na Madison, wakiweka mtu mmoja kwa kila mji kazi yake kufufua biashara za barabara kuu ndani ya majengo ya zamani, majengo yakapona kwa sababu yanaingiza hela, na mpango ukasambaa nchi nzima. Kwa hiyo kabla ya kumwita akitekti mtafuteni mpangaji. Akipatikana mpangaji mnajua mnakarabati kwa ajili ya nini, na hata mfadhili anaelewa.

Mambo ya kikundi chenyewe sitayarefusha, sajilini kisheria, fungueni akaunti ya kusaini watu watatu, risiti ziwekwe wazi kwenye grupu la wasapu kila mwezi. Muwe na fundi mmoja au wawili ndani ya kamati kabisa, wenye kura, siyo wa kukodi tu. Na msikubali mwanasiasa alifanye jengo kuwa lake, akianguka kwenye uchaguzi jengo linaanguka naye. Kitu kimoja ambacho vikundi vinasahau ni moto. Majengo ya zamani yana mbao nyingi na nyaya za zamani, na hatari inakuwa kubwa zaidi kipindi cha ukarabati, chuo cha sanaa cha Glasgow kiliungua 2014, kikawa kinatengenezwa, kikaungua tena 2018 karibu kumalizwa. Marufuku kuchomelea au kutumia moto wowote kwenye paa saa za mwisho za siku ya kazi, mtu abaki pale baada ya kazi kuangalia, na umeme uzimwe mkiondoka.

Wenzako wanaotaka watu waone kazi wana hoja, usiwapuuze, kikundi kisichoonekana kinakufa. Wapeni kitu cha kuonekana ambacho hakiharibu: milango na madirisha ya mbao yarekebishwe na kupakwa, ni kazi ya seremala na wiki chache tu na sura ya jengo inabadilika kabisa. Wafanye maonyesho ya zile picha na sauti za wazee barazani kwenye posta hiyohiyo, injinia akishasema upande wa mbele ni salama. Kama ukuta ni wa chokaa na umekauka mnaweza pia kuupaka chokaa nyeupe mbele, hiyo inapumua na kazi nyingi watu wa kujitolea wanaiweza wakivaa miwani. Plasta mpya iwe ya mwisho kabisa, baada ya paa, baada ya maji ya chini, na ukuta ukishakauka, ambayo kwa ukuta mnene inaweza kuchukua mwaka au zaidi.

Mti sasa. Msiuvute. Mizizi imeshaingia kwenye viungio na ukiung'oa unatoka na mawe, tena kwa ukuta uliokwishapoteza kipande nyuma unaweza kuangusha mengine na kumuua mtu. Ukateni shina karibu na ukuta, fundi awe kwenye jukwaa la kazi na siyo juu ya ukuta wenyewe, muache kisiki kife, majani yakichipua tena mkate tena, mtakata mara nyingi na mtachoka nacho. Kuna dawa za kupaka kwenye kisiki kibichi mara tu baada ya kukata, ulizeni bwana shamba ipi inaruhusiwa kwenu, ipakwe kwa brashi kwenye kisiki tu isinyunyizwe. Kikishakauka kabisa mizizi inasinyaa, hapo ndo fundi anatoa jiwe moja moja, anatoa mzizi, anarudisha jiwe na mota ya aina ileile ya ukuta. Ndege wataleta mbegu nyingine mwakani, ukiona mche mdogo wa vidole viwili ng'oa siku hiyohiyo kwa mkono.